Kurudi nchi uliyozaliwa kusoma na kufanya kazi: cheti cha kuzaliwa kinakufikisha mlangoni tu

#1 MzawaMgeni (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nyuzi za kwenda nje humu zimejaa tele. Za kurudi ulikozaliwa ni za kutafuta kwa tochi, na kila anayeuliza anajibiwa mstari mmoja: "Wewe si mzawa? Shida iko wapi?" Mstari huo ndio ulioniponza mimi.

Nilizaliwa nchi A. Wazazi wakahama nikiwa na miaka sita, nikakulia nchi B na kusoma huko mpaka digrii ya kwanza. Nikiwa na miaka 24 nikarudi A kwa shahada ya uzamili, kisha kazi. Sitazitaja A wala B. Nikizitaja tu, kufika ukurasa wa pili tutakuwa tunagombania siasa za A na mwenye shida yake hataambulia kitu.

Kwanza hakikisha kama kweli wewe ni raia wa huko. Msicheke. Marekani, tangu Marekebisho ya 14 ya Katiba yao mwaka 1868, mtoto anayezaliwa kwenye ardhi yao amehesabiwa raia, ukiwatoa wa wanadiplomasia na wachache wengine. Uingereza nao walikuwa hivyo hivyo, lakini kuanzia Januari 1, 1983 lazima mzazi mmoja awe raia au mkaazi wa kudumu. Australia wakaufunga mlango huo Agosti 20, 1986, Ireland mwanzoni mwa 2005, New Zealand mwanzoni mwa 2006. Maana yake ndugu wa tumbo moja, waliozaliwa wodi moja, mmoja anaweza kuwa raia na mdogo wake akahitaji viza. Na Kenya, Katiba ya 2010 inaposema "raia wa kuzaliwa" haiulizi ulizaliwa wapi, inauliza kama baba au mama yako alikuwa raia siku ile. Kwa hiyo usikate tiketi kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa. Kata ukishaishika pasi mkononi.

Pili, ada. Hapa ndipo nilipolia. Mimi nilidhani raia analipa ada ya raia. Chuo kikaniambia: uraia tunauona, ukaazi je? Baadaye nikagundua si wao peke yao. Uingereza, ili ulipe ada ya wenyeji, kwa kawaida uwe umeishi huko miaka mitatu kabla ya masomo kuanza, na isiwe umekwenda kwa ajili ya kusoma tu. Raia aliyekulia nje anaweza kutozwa ada ileile ya mgeni. Marekani vyuo vya umma ni mali ya majimbo, na majimbo mengi yanataka uwe mkaazi wa jimbo kwa miezi 12 ndipo upate ada ya chini. Mimi niliahirisha mwaka mmoja, nikafanya kazi za mkono za kulipwa taslimu huku nahesabu siku. Huo mwaka haukuwa kwenye mpango wangu. Kama ningeuliza swali moja kwa barua pepe, ningeujua nikiwa bado kwa wazazi.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nifungue uzi.

Uwanja wa ndege nilipita foleni ya raia, kifua mbele. Chuoni wanafunzi wa kigeni walikuwa na wiki nzima ya kupokelewa. Wanapelekwa benki kwa makundi, wanaelezwa bima, wanapewa mwenyeji wa kuwashika mkono. Nikaenda dirisha lile lile. Dada akaangalia kompyuta, akasema, "Wewe ni raia. Huduma hii ni ya wageni." Nikamwambia sijui hata nauli ya basi inalipiwa wapi. Akacheka. Alidhani natania.

Mgeni mwenye viza anaonekana. Akikosea anasamehewa, akiuliza anajibiwa taratibu. Wewe una jina lao, sura yao, pasi yao, ukikosea unaonekana mjinga au una dharau.

Na lugha! Nyumbani tuliizungumza kila siku, nikajiona mahiri. Kumbe lugha yangu ilibaki na miaka sita. Nilikuwa na maneno ya jikoni, ya kucheza na ya kugombezwa. Mkataba wa pango, makato ya mshahara, rufaa ya matokeo, hayo yote sikuwahi kuyasikia kwa lugha ile, kwa sababu ofisi na shule nilizijua kwa lugha ya B. Mkuu wa idara nilimwandikia barua pepe ya kwanza kama ninavyomwandikia shangazi. Hakunijibu. Nilikuja kuelewa baada ya miezi mitatu nilichofanya, na mpaka leo nikikumbuka nasikia joto masikioni.

Halafu ule mduara. Benki wanataka uthibitisho wa anwani. Mwenye nyumba, ili akupe mkataba wenye anwani, anataka hati ya mshahara. Mwajiri, ili akulipe mshahara, anataka akaunti ya benki. Wenzangu wa umri wangu walianza kujijengea kumbukumbu hizo wakiwa na miaka 18. Mimi kwenye mifumo yao nilikuwa mtoto wa chekechea aliyetoweka. Mduara wangu ulikatwa na barua moja ya chuo, yenye jina langu, kozi, na anwani ya bweni. Barua hiyo ikafungua akaunti, akaunti ikaleta kazi ya muda, kazi ikaleta chumba. Kwa hiyo kama una uchaguzi kati ya kuanza na chuo au na kazi, mimi nasema anza na chuo, hata kozi fupi, mradi watoe bweni.

Nitaendelea na mambo ya vyeti. Karibuni.

#2 KitiChaMbele

Nimekaa mbele kabisa. Endelea mkuu.

#3 Nyundo_Baridi

Mleta uzi, samahani, ila haya ni malalamiko ya mtu aliyeshiba. Kuna watu humu wamenyimwa viza mara nne. Wewe umepita foleni ya raia halafu unalia hujapelekwa benki kwa kikundi? Mbona dunia ina mambo.

#4 MzawaMgeni

Mkuu Nyundo, sikupingi. Haki ya kurudi nchini kwako imeandikwa kwenye Tamko la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 13, na kuna watu wengi duniani hawaipati mpaka leo. Mimi niliipata bure. Ila aliyepita mlangoni kwa urahisi naye anaweza kuanguka ukumbini, na hili la ukumbini ndilo ambalo halielezwi. Kama nimeandika kwa kujililia, nivumilie.

#5 MamaWawili

Hodi humu. Kijana wangu anatimiza miaka 17 mwaka huu. Alizaliwa Marekani sisi wazazi tukiwa wanafunzi huko, tukaondoka naye akiwa na miezi kumi na moja. Hajawahi kurudi. Anataka kwenda kusoma chuo na abaki kufanya kazi. Pasi yake ya utotoni iliisha zamani. Nianzie wapi? Na ada ya raia ataipata au ndiyo hayo ya miezi 12?

#6 WakiliWaKibarazani

Mama, shikamoo. Nakujibu kwa mpangilio wa haraka yake.

Pasi kwanza. Sheria yao inamtaka raia wao aingie na kutoka kwa pasi ya Marekani, kwa hiyo asijaribu kuomba viza ya mwanafunzi kwenye pasi nyingine, ubalozi wataona mahali alipozaliwa na watamrudisha. Iliyotolewa akiwa chini ya miaka 16 hudumu miaka 5. Akiomba sasa atapata ya miaka 10.

Namba yake ya hifadhi ya jamii ya huko tafuta kama mliichukua alipozaliwa. Wazazi wengi walijaza fomu hospitalini wakasahau. Bila namba hiyo hawezi kuajiriwa kirahisi, na hawezi kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu.

Na hapo nieleze vizuri, maana watu wanachanganya. Msaada wa serikali kuu unaangalia uraia, kwa hiyo kijana wako anaweza kuuomba kama raia yeyote. Ada ya chini ya chuo cha umma inaangalia ukaazi wa jimbo, na kwa mwanafunzi anayetegemea wazazi mara nyingi wanaangalia wazazi wanaishi wapi. Kwa hiyo anaweza kupewa huku na kunyimwa kule, siku moja, kwa karatasi zile zile. Vyuo binafsi havina ada mbili za namna hiyo.

La tatu, wanaume raia wa miaka 18 hadi 25 wanatakiwa wawe kwenye daftari la utumishi wa jeshi, hata wakiwa wanaishi nje. Usiogope, kuwa kwenye daftari si kuitwa. Waliacha kuwaita watu kwa lazima mwaka 1973.

La nne ni pasi ya upande huu. Kama nyie ni Watanzania, Sheria ya Uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na akifika miaka 18 suala la kuchagua linamkabili. Kama ni Wakenya, Katiba ya 2010 imemwondolea mzigo huo. Hili mlizungumze mezani kabla hajatimiza miaka hiyo, na kijana mwenyewe awepo.

#7 MamaWawili

Marahaba mwanangu. Hilo la wazazi wanaishi wapi sikulijua kabisa. Yeye alishajipigia hesabu za chuo cha umma, ameandika kwenye daftari kwa kalamu ya bluu.

#8 Ndege_wa_Misimu

WakiliWaKibarazani umegusa jeshi. Wenye asili ya Korea Kusini wasiipuuze hiyo. Mwanaume mwenye uraia pacha anatakiwa auache uraia wa Korea kabla ya Machi 31 kuisha, mwaka anaotimiza miaka 18. Tarehe ikipita, kwa kawaida hawezi kuuacha mpaka amalize suala la jeshi. Kuna watu wamezaliwa na kukulia nchi nyingine kabisa, wanakwenda kufundisha lugha kwa mwaka mmoja, wanakuta wanadaiwa utumishi.

#9 MzawaMgeni

Ndiyo maana nikasema uliza ukiwa bado kwa wazazi.

Nimerudi na vyeti. Nilikwenda na digrii ya B nikidhani karatasi inajieleza. Haijielezi. Wanaitaka nakala iliyothibitishwa, wanataka transkripti (orodha ya masomo na alama zako) itoke chuoni moja kwa moja kwa bahasha iliyofungwa au kwa mfumo wa chuo, na wanataka muhuri unaoonyesha aliyesaini ni mtu wa kweli. Kwa nchi zilizo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961 muhuri huo ni mmoja, unaitwa apostili, unatolewa na mamlaka ya nchi cheti kilikotoka. Nchi wanachama zimepita 120. China iliingia Novemba 2023, Kanada Januari 2024. Kama nchi moja kati ya zako mbili haimo, basi ni safari ya mihuri: wizara ya elimu, wizara ya mambo ya nje, ubalozi. Cheti changu kimoja kilikuwa na mihuri mingi kuliko maandishi.

Kilichonichelewesha kuliko yote lakini ni jina. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, la katikati la babu. Shule za B walilitupa jina la babu na la mwisho wakaliandika kwa herufi moja pungufu. Kwa macho ya ofisi, aliyezaliwa A na aliyehitimu B ni watu wawili. Niliokolewa na hati ya kiapo iliyoapwa B, kwa sababu shahidi aliyenijua kwa majina yote mawili alikuwa huko. Ningekumbuka nikiwa tayari A ingebidi nipande ndege kwa ajili ya herufi moja.

#10 Mkasi_na_Sindano

Niongezee kwa watu wa afya, kwa sababu mimi ni muuguzi na nimepita humo.

Cheti kutambuliwa na leseni kutolewa ni mambo mawili na yanafanywa na ofisi mbili zisizoongea. Ya kwanza inasema digrii yako inalingana na digrii yetu. Ya pili inasema unaruhusiwa kumgusa mgonjwa. Chuo kilinitambua ndani ya wiki sita, nikafanya sherehe. Bodi ya leseni ikanichukua miezi kumi na nne, pamoja na mtihani na saa za mazoezi chini ya uangalizi. Na uzawa wangu haukupunguza hata siku moja. Aliyekaa nami kwenye benchi alikuwa mgeni wa viza, tukaitwa kwa namba.

Wahandisi wana nafuu kidogo, kuna Makubaliano ya Washington ya 1989 ambayo wanachama wake wanatambuliana programu za digrii za uhandisi. Ila angalieni chuo chenu kilikuwa na ithibati hiyo mwaka mliohitimu, maana nchi ikiingia leo haimrudii aliyemaliza jana. Fani kama uandishi wa programu za kompyuta, mauzo, usanifu wa picha, hizo mara nyingi hakuna bodi, mwajiri akikupenda mmemalizana.

#11 KitiChaMbele

Muuguzi, swali. Kuna mikataba ya dunia ya kutambuliana vyeti, nilisikia UNESCO wamepitisha. Haisaidii?

#12 Mkasi_na_Sindano

Inasaidia kupata jibu, haikupi leseni. Ule wa UNESCO ulipitishwa 2019 ukaanza kutumika Machi 2023, na kabla yake kuna wa Lisbon wa 1997 kwa Ulaya na wa Addis Ababa wa 2014 kwa Afrika. Msingi wake ni kwamba ofisi ikikataa cheti chako ionyeshe tofauti kubwa iliyopo, isiseme tu "hatukijui". Mimi barua yangu ya kwanza ilikuwa ya "hatukijui". Nikaandika kuomba sababu, mara faili likapata miguu. Kwa hiyo tumieni hilo kuuliza.

#13 Nyundo_Baridi

Haya, narudi na swali la kistaarabu. Kodi vipi? Nasikia ukishika pasi fulani unadaiwa hata ukiwa kitandani kwako.

#14 WakiliWaKibarazani

Mkuu karibu tena. Nchi nyingi zinakutoza kwa ukaazi, na kipimo kinachotajwa sana ni siku 183 ndani ya mwaka, ingawa si pekee. Marekani inamfuata raia wake popote, na Eritrea pia inawatoza raia wake walio nje asilimia 2 ya kipato. Mtu aliyezaliwa Marekani akaondoka na miezi kumi na moja anatakiwa kupeleka taarifa ya kodi kipato chake kikivuka kiwango, hata kama mwisho wa hesabu hadaiwi senti. Wengi wanakuja kujua pale benki ya huku inapowauliza walizaliwa wapi, kwa sababu tangu sheria ya Marekani ya 2010 benki za nchi nyingine zinatakiwa kuwaripoti wenye akaunti ambao ni raia wa Marekani.

Na anayehama katikati ya mwaka aweke tarehe ya kuondoka kwa maandishi. Usipojiondoa rasmi nchi B, zote mbili zitakuhesabu wako. Michango ya pensheni ya B nayo msiitoe kwa tamaa siku ya kuondoka kabla ya kuangalia kama A na B zina mkataba wa hifadhi ya jamii. Ukiwepo, miaka ya kuchangia inaweza kuunganishwa.

#15 Niliondoka_Tena

Nimesoma kimya, ngoja niseme yangu. Mimi nilirudi nilikozaliwa, nikasoma, nikapata kazi nzuri, na baada ya miaka miwili na nusu nikaondoka tena. Hakuna aliyenifukuza. Mshahara ulikuwa unatosha.

Mwaka wa kwanza nilikuwa na furaha ya kushangaza, kila kona naona "hapa ndipo kwetu". Mwaka wa pili ikageuka. Kila kitu kidogo kikanikera, na kilichonikera zaidi ni kujikuta nasema "kule tulikotoka mambo haya hayafanyiki hivi", maneno yale yale ambayo wazazi wangu walikuwa wanayasema kule, wakimaanisha hapa. Baadaye nikajua limechunguzwa siku nyingi. Mtafiti Lysgaard aliandika mwaka 1955 juu ya Wanorway waliokwenda Marekani, furaha inashuka halafu inapanda. Mtafiti mwingine, Gullahorn, na mkewe wakaongeza 1963 kwamba anayerudi nyumbani naye anashuka mara ya pili. Ila hao walikuwa watu wazima wanaorudi kwenye nyumba waliyoikumbuka. Sisi tulioondoka watoto tunarudi kwenye nyumba tuliyosimuliwa. Nyumba ya simulizi haina foleni.

Sijutii. Digrii ninayo, lugha imekua, na makaburi ya wazee nimeyaona.

#16 MzawaMgeni

Mkuu hapo kwenye maneno ya wazazi umenimaliza. Mimi ni mwaka wa tano sasa na bado nipo. Sidhani kama nilikuwa na moyo kuliko wewe. Nadhani ni kwa sababu mwaka ule wa kuhesabu siku nilifanya kazi ghalani na watu ambao hawakujua kama nimetoka popote. Walinirekebisha maneno bila huruma. Msimamizi alikuwa akinituma kusoma matangazo ya ukutani kwa sauti, wenzangu wakicheka. Chuoni wangenionea aibu, wasingeniambia.

#17 MamaWawili

Wanangu, nimepekua sanduku usiku huu. Kadi ya namba ya hifadhi ya jamii ipo, asante Mungu, ndani ya bahasha pamoja na kile kikanda cha mkononi cha hospitali. Lakini jina la mwisho la kadi na cheti cha kuzaliwa lina "h" mwishoni. Vyeti vyake vya shule vyote havina "h". Matokeo ya kidato cha nne hayana "h".

#18 MzawaMgeni

Mama, hiyo "h" ndiyo kazi ya kwanza, hata kabla ya pasi. Bado hajafanya mtihani wa mwisho wa sekondari?

#19 MamaWawili

Usajili unafungwa mwezi ujao.

#20 MzawaMgeni

Basi kesho asubuhi nenda shuleni na cheti cha kuzaliwa halisi, si nakala. Waulize jina linarekebishwaje kabla ya usajili kufungwa, na cheti cha kidato cha nne kinashughulikiwa wapi. Wakikuambia haiwezekani omba waandike. Na kijana aende na wewe, aanze kuzoea madirisha.

#21 MamaWawili

Nimemwamsha nimwambie. Anasema hiyo "h" ameipenda, kwa nini tuliitupa?